Tarehe iko kwenye gunia, sisi tunanunua kwa kikombe

Watu wanabishana sana kuhusu chakula kilichoekspaya, ukikila unakufa au hufi, mmoja anasema yeye amekula biskuti zilizopita miezi mitatu na yupo hapa anadunda, mwingine anasema ndugu yake alikunywa juisi iliyopitiliza akalazwa, ubishi unakwenda unarudi na unaisha hivyo hivyo, hakuna aliyeuliza swali ambalo kwa sisi wa Mwanza, Igoma, Kishili, Buhongwa, Nyakato huko lingetakiwa kuwa la kwanza kabisa. Hiyo tarehe mwenzangu umeionea wapi? Maana mimi nikihesabu vilivyoingia jikoni kwangu wiki iliyopita, unga kilo mbili, mafuta ya buku, maziwa ya unga ya jero, sukari nusu, maharage, dagaa, karanga, chumvi, majani ya chai, ambavyo tarehe yake niliiona kwa macho ni viwili tu, chumvi na majani. Vingine vyote vilipimwa. Vilichotwa kwenye gunia, kwenye ndoo, kwenye dumu, kwenye kopo, vikawekwa kwenye karatasi au kwenye kichupa nilichokuja nacho mwenyewe, na tarehe ikabaki kule kule dukani.

Hili jambo lilianza kunikaa rohoni masika ya mwaka jana. Wifi yangu alinipigia simu usiku, mtoto anaharisha tangu mchana, wakati huo ana mwaka na miezi minne. Kulipokucha tukaenda naye zahanati, tukapewa ORS na vidonge vya zinki, siku ya tatu akaanza kuchangamka, namshukuru Mungu. Tuliporudi nyumbani nikakaa na wifi jikoni tukaanza kupitia kimoja kimoja alichokula mtoto. Uji wa asubuhi ulikuwa na maziwa.

"Wifi, haya maziwa umenunua wapi?"

"Ya kupima wifi, hapo hapo dukani kwa kila siku."

Yalikuwa yamebaki kidogo kwenye kikaratasi. Yamegeuka rangi kuelekea njano, yana vidonge vidonge, nikayanusa yakanijia na harufu ya boksi lililolowa maji. Anayejua maziwa ya unga anaijua hiyo harufu, ni mafuta yaliyo ndani ya maziwa yameharibika kwa kupigwa na hewa na joto. Nikabeba kile kikaratasi mpaka dukani. Kopo lilikuwa juu ya kaunta, kopo kubwa la bati, nikamwomba mwenye duka nilione akanipa bila shida yoyote. Nikaligeuza chini. Tarehe ipo, imechapwa vizuri inasomeka, na ilikuwa imepita miezi kumi na moja.

"Kaka, mbona haya yameisha muda?"

Hakushtuka hata kidogo. "Dada yangu, hilo kopo ni la kuwekea tu. Maziwa yenyewe nachota kwenye mfuko wa kilo 25, mapya hayo."

Nikamwambia basi nauomba huo mfuko niuone. Mfuko haupo, ulishaisha akampa mtu wa mkaa.

Zahanati hawakutuambia kuwa ni maziwa, mtoto wa umri ule anaweza kuharisha kwa maji, kwa mikono, kwa kitu alichookota chini, na sitamtwika yule kaka kosa ambalo sina ushahidi nalo. Kinachoniuma mpaka leo ni kwamba yale maziwa yangeweza kuwa ya mwezi mmoja au ya miaka miwili, na pale dukani hapakuwa na kitu chochote, si kopo, si mfuko, si daftari, ambacho kingemwambia mtu ukweli, hata yeye mwenyewe muuzaji. Kopo lina tarehe ya maziwa ambayo hayamo, maziwa yaliyomo tarehe yake imekwenda kubeba mkaa. Na wifi yangu ni mtu makini, anasoma, angepewa pakiti angesoma.

Sasa turudi kwenye ule ubishi, maana pande zote mbili zina ukweli ndani yake ila wanaongelea vitu viwili kwa jina moja. Tarehe za chakula ziko za aina mbili na hata Codex, ile tume ya FAO na WHO, mashirika ya Umoja wa Mataifa ya chakula na ya afya, inayoweka viwango vya chakula duniani, inazitenganisha. Kuna "tumia kabla ya", hii ni ya usalama, imewekwa kwenye vitu vinavyoharibika haraka na kwa hatari, maziwa fresh, nyama, samaki wa kupoozwa, ikipita unatupa. Halafu kuna "bora kabla ya", hii kiwanda kinakwambia mpaka siku hiyo biskuti itakuwa na mlio wake na kahawa itakuwa na harufu yake, baada ya hapo inaweza ikapungua utamu lakini haijageuka sumu. Ndo maana Uingereza duka linaruhusiwa kuuza kitu kilichopita "bora kabla ya" mradi kiwe bado kizima, ila likiuza kilichopita "tumia kabla ya" ni kosa la jinai, na kule Copenhagen nchini Denmark mwaka 2016 lilifunguliwa duka kabisa, Wefood, likawa linauza vyakula vilivyopita tarehe au vyenye maboksi yaliyobonyea kwa bei ya chini, watu wakapanga foleni. Kuna vitu mpaka Codex yenyewe haivilazimishi kuwa na tarehe, siki kwa mfano, na sukari ambayo haijaongezwa kitu. Kwa hiyo yule wa biskuti yuko sahihi. Na yule wa juisi naye anaweza akawa sahihi.

Kwetu huku pakiti nyingi zimeandikwa EXP basi, herufi tatu na namba, kwa hiyo mtu anaweka tambi na maziwa ya mtoto kwenye kapu moja, ama anaogopa vyote ama anadharau vyote. Wengi tunadharau, kwa sababu tumeshakula vingi tukabaki wazima. Hapo nasema kwa herufi kubwa kama ningeweza: maziwa ya watoto wachanga, yale ya kopo, usiyape hata siku moja ya ziada, kwa sababu yule mtoto anategemea kopo hilo kwa kila kitu na vitamini zake zinapungua kadiri siku zinavyokwenda. Marekani, pamoja na ukubwa wake, serikali kuu hailazimishi tarehe kwenye vyakula ila kimoja tu, ni hayo maziwa ya watoto.

Lakini hata tukielewana kuhusu aina za tarehe bado kuna kitu tunakisahau, na kwa Mwanza hiki ni kikubwa kuliko tarehe yenyewe. Tarehe ni ahadi yenye sharti. Kiwanda kinachukua bidhaa kinaiweka kwenye joto fulani, kinaipima wiki hadi wiki mpaka ianze kuharibika, kisha kinarudi nyuma kidogo na kuandika siku. Chini yake pameandikwa kwa herufi ndogo, hifadhi mahali pakavu na penye ubaridi. Sasa mzigo umetoka Dar, zaidi ya kilomita 1,100, uko chini ya turubai jeusi kwenye lori, umefika umeshushwa stoo ya bati, kutoka hapo umepanda bodaboda mpaka kwenye kibanda ambacho saa nane mchana mwenyewe anakaa nje chini ya mti kwa sababu ndani hapakaliki. Halafu bado kuna mzigo unaovuka na mitumbwi kwenda visiwani, Ukerewe, Kome, Ukara, unakaa ufukweni unapigwa na jua ukisubiri boti ijae. Ule mpaka uliochapwa kiwandani kwa kuamini ubaridi, huku kwetu umeshasogea nyuma na hakuna aliyeuchapa upya. Dumu la mafuta lililokaa juani mbele ya duka, hata kama EXP yake ni mwakani, vitamini A iliyowekwa mle, na nchi hii ina kanuni za kuongeza virutubishi kwenye mafuta na unga tangu 2011, inaliwa na mwanga na joto mpaka unabaki na mafuta matupu yanayokwaruza koo.

Na friza. Jamani friza. Kuna watu wanazima friza usiku ili kuokoa yuniti za umeme, wanawasha asubuhi, kuku na soseji na ice cream vinayeyuka vinaganda vinayeyuka vinaganda, ukiona soseji zimeshikana kwenye bonge moja la barafu na pakiti ina maji yaliyoganda kwenye kona, hiyo imeshayeyuka si mara moja, tarehe yake isome ukitaka lakini haikusaidii kitu. Bakteria akiwa kwenye joto linalompendeza anaweza kugawanyika kila dakika 20, ukipiga hesabu mmoja baada ya saa saba ni zaidi ya milioni mbili, na saa saba ni usiku mmoja wa chakula kilichoachwa kwenye joto. WHO wanasema chakula kisikae kwenye joto la kati ya nyuzi 5 na 60, sasa hebu fikiria nyumba ya kawaida huku mchana ni nyuzi ngapi.

Ndo maana huwa nasema chakula kinachotuumiza zaidi hakina hata tarehe. Makadirio ya WHO ya 2015 yalisema kila mwaka watu milioni 600 duniani wanaugua kwa kula chakula kibaya na 420,000 wanafariki, kati yao 125,000 ni watoto wa chini ya miaka mitano, na vingi vya hivyo havitokani na pakiti iliyopita siku, vinatokana na uchafu, na maji, na chakula kilichokaa vibaya. Chukua kiporo cha wali. Wali umepikwa jioni, umebaki, sufuria limefunikwa limelala mezani mpaka asubuhi, tunaupasha na chai ya rangi, nani hajala? Kwenye mchele kuna mdudu anaitwa Bacillus cereus, mbegu zake hazifi kwa kuchemka, wali ukipoa taratibu anaamka anatoa sumu, na ile sumu inayotapisha haiondoki hata ukiupasha mpaka uungue. Kwa hiyo lile neno letu kwamba moto unaua kila kitu, hapana, moto unaua mdudu ila sumu aliyoiacha inabaki. Kuvu wa mahindi na karanga ni hivyo hivyo. Mwaka 2016 Dodoma na Manyara watu walikufa kwa sumukuvu iliyokuwa kwenye mahindi yao wenyewe, waliyoyalima na kuyaweka ndani, hayakuwa na lebo wala tarehe wala duka, na kupikwa yalipikwa.

Sitaki mtu anielewe vibaya akadhani nasema tarehe haina maana. Nasema tarehe ni taarifa moja, na ina faida kama imemfikia mlaji na kama iliyoko juu ya pakiti ndiyo ya kilicho ndani. Sisi tunaonunua kwa kupima haitufikii. Na hapa ndipo maskini anaumia mara mbili. Mwenye hela anaingia supamaketi anachukua pakiti ya kilo moja ya maziwa, anaigeuza, anasoma, akiona imebaki wiki mbili anairudisha kwenye shelfu anachukua ya nyuma. Asiye na hela anapimiwa ya jero, hawezi kuigeuza kwa sababu haina upande wa chini, na ukikokotoa jero kwa jero mpaka ifike kilo, amelipa zaidi ya yule wa supamaketi. Amelipa zaidi kwa kitu ambacho umri wake haujui.

Kuna jambo lingine kuhusu kupima ambalo nimeliona kwa miaka, muuzaji anaongezea juu. Ndoo ya unga wa lishe ikibaki robo anamimina mpya juu ya ule wa zamani, dumu la mafuta likibaki inchi mbili anajazia, kopo la maziwa hivyo hivyo, halioshwi. Chini kabisa kuna unga ambao haujawahi kuguswa tangu ndoo inunuliwe, na unga wa lishe una karanga na soya, mafuta yake yanaharibika haraka kuliko sembe, na kama karanga zilikuwa na kuvu basi umeshavichanganya vyote. Mzani wa duka lile lile una stika ya Wakala wa Vipimo, wanapita wanaukagua, gramu zako ziko salama, na mimi nawashukuru kwa hilo. Ila ndoo iliyo pembeni ya mzani haina stika yoyote ya umri. Tunapimiwa uzito kwa haki, siku hatupimiwi.

Wenye kusimamia usalama wa chakula ni TBS, Shirika la Viwango, kazi hiyo ilihamishwa kutoka TFDA, iliyokuwa Mamlaka ya Chakula na Dawa, mwaka 2019, na kila mara tunasikia wameingia maduka wamekamata katoni za juisi, biskuti, maziwa, zimeisha muda, zimeteketezwa. Ni kazi nzuri, sitaibeza. Naomba tu ukaguzi uchungulie na ndani ya ndoo, kwa sababu chakula cha mtaani kwetu kiko humo, na katoni ambayo haikuuzika ikiwa imefungwa inaweza kufunguliwa ikamiminwa kwenye ndoo na hapo hakuna mkaguzi atakayejua. Pakiti ikifunguliwa tarehe imekufa, na muuzaji asiye mwaminifu analijua hilo kabla ya mtu mwingine yeyote.

Nataka kumtetea muuzaji pia, maana wengi si watu wabaya. Mtu ana duka la mtaji wa laki tatu, katoni moja ya maziwa ikimfia mkononi faida ya wiki nzima imeondoka, na jumla alikonunua hawarudishi. Ndo unakuta mwingine anachukua pamba na thina anafuta tarehe (ukiona pakiti ina alama ya kusuguliwa pale pa tarehe, imepauka, au wino umetapakaa, rudisha), mwingine anamimina kwenye kopo, mwingine anaipeleka mnadani anapanga chini kwenye turubai, tatu kwa buku, na anayekimbilia pale ni mama ambaye mwaka mzima hajawahi kuwanunulia watoto juisi ya boksi. Huyo mama hajafanya kosa lolote, ameona ofa. Mtaani kwetu gari la mkate linalopita alfajiri linachukua ule wa jana uliobaki na kuacha mpya, na sijawahi kuona mkate wenye ukungu umefichwa katikati ya mizima kwenye duka linalohudumiwa na gari lile, kwa sababu muuzaji hana sababu ya kuuficha. Hasara ikiwa na mahali pa kwenda, haiendi tumboni kwa mtu.

Mwanza hatuhitaji kwenda Copenhagen kujifunza hili, tuteremke hapo soko la samaki la Mwaloni Kirumba. Dagaa hana EXP. Mnunuzi, awe wa hapa au wa Kongo, anachota kwenye gunia, tena anaingiza mkono mpaka katikati sio pale juu, anamponda mmoja kwa vidole, ananusa, anaangalia kama anang'aa kama fedha au amegeuka njano, anaangalia tumbo kama limepasuka, anasikia mchanga kwa meno. Mvua ikiwakuta dagaa mchangani kabla hawajakauka kila mtu sokoni anajua, hakuna kuficha, wale wanashuka bei wanaitwa dagaa wa kuku wanakwenda kusagwa kuwa chakula cha mifugo. Muuzaji amepata kidogo, mnunuzi ameambiwa ukweli, kuku wamekula. Sangara na sato ni hivyo hivyo, unafunua mashavu unaangalia kama mekundu, unaangalia jicho, unabonyeza nyama kwa kidole uone kama inarudi. Hata bibi yangu kule Magu na michembe yake, viazi amevikata vipande amevianika vikakauka, vinakaa mpaka msimu mwingine, kila akitoa anavunja kimoja asikie mlio, kikipinda bila kuvunjika anarudisha vyote juani, akiona vumbi la wadudu anapeta. Huyo hajawahi kusoma tarehe ya kitu chochote na hajawahi kula kitu kibovu akikijua.

Sasa watu hawa hawa, wenye mikono inayojua dagaa kiasi hicho, wakiingia dukani wanasema nipimie mafuta ya buku na wanaangalia simu. Tumefundishwa kwamba cha kiwandani kina tarehe kwa hiyo hakihitaji kukaguliwa, halafu tarehe yenyewe hatuioni. Tumepoteza cha bibi na cha kiwandani hatujakipata.

Mimi ninachotaka kinawezekana na hakina gharama. Anayepima abaki na mfuko au akate kipande chenye tarehe akiweke kwenye ndoo, upande wa mteja, na asimimine mpya mpaka ya zamani iishe na chombo kioshwe. Maduka ya jumla yaanze kushusha bei mapema, miezi miwili kabla, na waandike wazi kwamba hii inaisha mwezi fulani, watu watanunua, sisi si watoto, tukiambiwa hii tambi inaisha mwezi ujao tutaipika kesho. Viwanda vikubali kupokea kilichobaki hata kutoka kwa mwenye kibanda. Na kuna kichekesho kibaya, nakiita hivyo kwa uchungu, ripoti ya 2024 ya UNEP, shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, inasema dunia ilitupa zaidi ya tani bilioni moja za chakula mwaka 2022, nyingi kutoka majumbani, huko kuna watu wanatupa chakula kizima kwa sababu ya tarehe na huku kuna watu wanakula kibovu kwa sababu ya kukosa tarehe, na wote wameponzwa na kutoelewa namba ile ile.

Mtu ataniambia dada, mwenye njaa hachagui. Nimeishi na njaa, najua. Lakini mwenye njaa anachagua, tena anachagua kuliko shibe, mama mwenye buku moja anazunguka maduka matatu kabla hajaitoa. Anachokosa ni cha kumsaidia kuchagua. Na akimuuguza mtoto siku tatu, hela ya nauli ya zahanati na siku ambazo hakwenda kuuza nyanya zinameza akiba yote ya kununua vya bei rahisi. Mimi mwenyewe nikikuta biskuti iliyopita mwezi, pakiti haijapasuka, hainuki, nakula, na nikikuta soda imepita wiki mbili nakunywa. Lakini nachagua nikiwa nimeona. Simpimii mtoto wa kaka yangu maziwa ambayo hakuna binadamu anayejua umri wake.

Wifi siku hizi ananunua kwa mama mmoja kona ya pili, hatua kama mia mbili zaidi. Ana ndoo tano zenye mifuniko, na kila ndoo amebandika kwa selotepu kipande cha mfuko kilichokatwa kwa mkasi, kimekaa ovyo ovyo, kingine kimekatwa mpaka neno la katikati, lakini tarehe ipo na inasomeka. Nilimuuliza mama, hili wazo ulilitoa wapi, nikidhani labda alipata semina mahali. Akacheka akamwonyesha wifi kwa kidole. "Huyu hapa. Kila akija, nione mfuko, nione mfuko, mfuko wenyewe uko stoo juu, mgongo unaniuma kupanda. Nikaona heri nikate niweke hapa anyamaze." Wakati tunaongea alikuja kijana mmoja kuchukua unga, akainama akasoma kile kipande, akauliza mama huu wa mwezi wa tisa ni wa mwaka huu au mwakani, mama akainama naye wakasoma wote wawili.